Georgios: Jina la Mkulima

Georgios ni jina la mwanamume linalosikika kila pembe ya Ugiriki na Kupro. Kwa wingi wa watu walionalo, mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza nchini Ugiriki, likifuatana kwa karibu na Ioannis, Konstantinos na Dimitrios. Afrika Mashariki inalijua zaidi kwa sura yake ya Kiingereza, George, ambayo mtaani hutamkwa Joji. Nyuma ya sura hizo zote kuna neno moja la Kigiriki, geōrgos, na maana yake ni mkulima.

Neno hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni gē, yaani ardhi au udongo, ileile inayosikika mwanzoni mwa jiografia, jiolojia na jiometri. Ya pili ni ergon, yaani kazi. Ergon nayo imo, ingawa imejificha, ndani ya neno liturujia wanalolitumia Wakristo kwa ibada zao. Katika Athens ya kale, leitourgia ilikuwa mzigo aliobebeshwa tajiri kwa ajili ya umma, kama vile kugharamia kikundi cha waimbaji wakati wa sikukuu au kuhudumia manowari kwa mwaka mzima. Geōrgos basi ni mtu anayeifanyia ardhi kazi. Kiishio -ios humfanya mtu kuwa “wa” kitu fulani, hivyo Georgios, likifasiriwa kikamilifu, ni “wa mkulima” au “mtu wa kilimo”.

Wagiriki wa leo hawalitamki kama msomaji wa herufi za Kirumi anavyoweza kudhani. Herufi yao ya gama, ikifuatwa na e au i, husikika kama y ya Kiswahili. Ikifuatwa na a, o au u, husikika kama gh ya ghali na ghafla. Georgios husomwa Yeoryios, mkazo ukiwa kwenye o ya kwanza, na Giorgos, ambalo ndilo jina la kila siku, husomwa Yorghos. Hapo Mswahili ana bahati, kwa kuwa sauti inayowatoa jasho wageni wengi wanaojifunza Kigiriki yeye anayo kinywani tangu utotoni.

Kuna majina mawili ambayo huchanganywa na hili kwa sababu ya kufanana kwa sauti. Gorgias, mwalimu wa ufasaha aliyepewa kitabu kizima na Plato, jina lake linatokana na neno lenye maana ya kutisha, wala halihusiani na shamba. Grigorios, ambalo kwetu ni Gregori, linatokana na kitenzi cha kukesha na kuwa macho. Mapadri huwajua akina Gregori na akina Georgi kuwa watu wa sikukuu tofauti, lakini kwenye orodha za shule na za vijiji majina hayo mawili hubadilishana mahali mara nyingi tu.

Jambo la kushangaza kuhusu Georgios ni unyenyekevu wake. Wagiriki wa kale walipenda kuwaita watoto wao majina ya fahari, yaliyounganishwa kwa maneno ya ushindi, sifa, nguvu na vita. Nikolaos lina ushindi na watu ndani yake. Alexandros ni mwenye kuwalinda wanaume. Perikles limebeba sifa, na Demosthenes limebeba nguvu za umma. Mzazi wa tabaka la juu wa Athens hakuona sababu ya kumwita mwanawe mkulima, hata kama utajiri wake wote ulitoka shambani. Kwa hiyo kwa karne nyingi geōrgos lilibaki neno la kazi tu, na kama jina la mtu halikuwa na umaarufu wowote.

Hii haimaanishi kwamba kazi yenyewe ilidharauliwa. Mnamo mwaka 700 hivi kabla ya Kristo, mshairi Hesiodos wa Boiotia alitunga utenzi uitwao Kazi na Siku, akimhutubia ndugu yake Perses kuhusu lini alime, lini avune na nyota gani zimwongoze. Neno kazi katika kichwa hicho ni wingi wa ergon, na kazi anayoisemea hasa ni ya shambani. Xenophon naye, katika kitabu chake kuhusu uendeshaji wa nyumba na mali, alimweka Socrates azungumze kwa kirefu juu ya ubora wa kilimo, jambo la kuchekesha kidogo kwa kuwa Socrates mwenyewe alikuwa mtu wa mjini asiyependa kutoka nje ya kuta za Athens. Mwandishi wa tamthilia za kuchekesha, Menander, alikuwa na mchezo ulioitwa Mkulima, ambao umebaki vipande. Na maandishi ya kale ya Attika yanamtaja Zeus kwa sifa ya Georgos, Zeus mkulima, aliyetolewa sadaka wakati wa msimu wa kupanda.

Waroma nao waliliazima neno hilo. Mshairi Virgil, aliyemaliza kazi yake mwaka 29 hivi kabla ya Kristo, aliuita utenzi wake mkubwa wa kilimo Georgica. Una vitabu vinne: cha kwanza ni cha nafaka, cha pili cha miti na mizabibu, cha tatu cha mifugo, na cha nne cha nyuki. Pia Wakristo wa kwanza walilikuta neno hili katika maandiko yao. Katika sura ya 15 ya Injili ya Yohana, kwenye mfano wa mzabibu na matawi, cheo anachopewa Mungu Baba kwa Kigiriki ni geōrgos. Katika karne za kwanza baada ya Kristo ndipo Georgios likaanza kuonekana kama jina la watu, kwanza kwa uchache, kisha kwa kasi. Aliyeleta kasi hiyo hakuwa mkulima. Alikuwa askari.

Mapokeo ya Kanisa yanasema Georgios alizaliwa katika familia ya Kikristo ya Kapadokia, katikati ya Uturuki ya leo, na kwamba mama yake alitoka Lydda huko Palestina, mji ambao sasa unaitwa Lod. Aliingia katika jeshi la Roma na kupanda cheo. Mwezi Februari mwaka 303, Kaisari Diocletianus alitoa amri ya kubomoa makanisa na kuchoma vitabu vya Wakristo, na mateso yakaanza. Georgios, kwa mujibu wa mapokeo hayo, alikataa kuikana imani, akateswa na kukatwa kichwa. Alizikwa Lydda, na kaburi lake likawa mahali pa kuhiji.

Zaidi ya hapo, historia ina machache sana ya kusema. Hakuna hati ya wakati wake inayosimulia maisha yake, na visa vya kifo chake vilivyoandikwa baadaye vimejaa miujiza inayoshindana kwa ukubwa: anauawa, anafufuka, anauawa tena. Hata viongozi wa Kanisa la kale waliona visa hivyo vimepita kiasi. Mwanahistoria wa Uingereza Edward Gibbon, katika karne ya 18, alifika hadi kudai kwamba mtakatifu huyu ni yule Georgios wa Kapadokia aliyekuwa askofu wa Aleksandria, mtu aliyechukiwa na kuuawa na umati wa watu mwaka 361. Dai hilo halina nguvu, kwa sababu heshima kwa shahidi wa Lydda ilikwisha kuota mizizi mapema mno na mahali pengine kabisa. Huko Ezraa, kusini mwa Syria, lingali limesimama kanisa la Mtakatifu Georgios lenye maandishi ya mwaka 515 juu ya mlango wake. Ni wazi kwamba mtu huyo aliheshimiwa kote mashariki mwa dola ya Roma. Wasifu wake ndio uliopambwa.

Joka lilikuja baadaye sana. Visa vya kale vya kifo cha Georgios havina joka lolote. Mnyama huyo anajitokeza kwenye masimulizi na michoro ya mashariki mnamo karne ya 11, kisha anaenea Ulaya yote kupitia Legenda Aurea, mkusanyo wa visa vya watakatifu ulioandikwa katika karne ya 13 na mtawa Jacobus de Voragine. Wengi hawajui kwamba katika kitabu hicho mkasa unatokea Afrika: mji unaosumbuliwa na joka unaitwa Silena, nao uko Libya. Wakazi wanalilisha kondoo wawili kila siku, kondoo wanapopungua wanaanza kutoa watoto kwa kura, hadi kura inamwangukia binti mfalme. Georgios anapita njia akiwa juu ya farasi, analichoma joka kwa mkuki, kisha binti anafunga mshipi wake shingoni mwa mnyama na kumwongoza mpaka mjini.

Mkasa huo ndio uliompa mchoraji kazi. Katika picha takatifu za Waorthodoksi, Georgios hupanda farasi mweupe, na Dimitrios, askari mwenzake, hupanda farasi mwekundu. Mtu asiyejua kusoma huwatofautisha kwa rangi hiyo tu. Katika baadhi ya picha za Kigiriki yumo pia kijana mdogo aliyeketi nyuma ya mtakatifu akiwa ameshika birika. Huyo hana uhusiano na joka. Anatoka kwenye kisa kingine, cha mtoto wa kisiwa cha Lesbos aliyetekwa na maharamia wa Krete akafanywa mtumishi wa mezani, kisha Georgios akamrudisha kwa mama yake kufumba na kufumbua, kinywaji cha bwana wake kikiwa bado mkononi.

Lakini mkulima aliyefichwa ndani ya jina hakupotea. Sikukuu ya mtakatifu ni tarehe 23 Aprili, na tarehe hiyo, pamoja na ile ya Dimitrios ya 26 Oktoba, iliugawa mwaka wa watu wa vijijini katika sehemu mbili. Kati ya Aprili na Oktoba palikuwa na kiangazi, kazi za nje na malisho ya milimani. Kati ya Oktoba na Aprili palikuwa na baridi na kukaa bondeni. Wafugaji wa kuhamahama kama Wasarakatsani walipandisha kondoo milimani siku ya Georgios na kuwateremsha siku ya Dimitrios, na mikataba ya wachungaji na vibarua ilihesabiwa kwa muda huohuo. Dola ya Osmani nayo ilitumia hesabu hiyohiyo ya nusu mbili katika shughuli zake. Na hapa majina yenyewe yanaendana vizuri kuliko mtu angeweza kupanga: Dimitrios maana yake ni “wa Demeter”, mungu wa kike wa nafaka. Msimu wa kazi ulifunguliwa na mkulima, ukafungwa na mwenye mavuno.

Tarehe hiyo ina tatizo moja la kalenda. Mara nyingi 23 Aprili huangukia ndani ya Kwaresima ya Kiorthodoksi, wakati wa mfungo ambapo hakuna nyama wala shamrashamra. Kanisa la Ugiriki limetatua jambo hilo kwa kuihamisha sikukuu hadi Jumatatu ya Pasaka. Mwaka 2024, kwa mfano, Pasaka ya Kiorthodoksi ilikuwa tarehe 5 Mei, hivyo akina Giorgos wote walisherehekea tarehe 6 Mei. Katika mji wa Arachova, kwenye miteremko ya mlima Parnassos, sherehe huchukua siku tatu, na sehemu inayosubiriwa sana ni mbio za wazee wanaokimbia kuupanda mlima wakiwa na mavazi ya kienyeji.

Kwa Mgiriki mtu mzima, siku ya jina ina uzito kuliko siku ya kuzaliwa. Sababu yake ni ya kawaida tu: siku ya kuzaliwa mtu lazima aikumbuke au aulizwe, ilhali siku ya jina iko kwenye kalenda na kila mtu anaijua. Desturi ni kwamba mwenye jina hamwaliki mtu. Anakaa nyumbani na vitafunio na vinywaji tayari, na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wanapita kumsalimu kwa kumtakia miaka mingi. Akiwa kazini, ni yeye anayekuja na kisanduku cha keki na kuzungusha mezani. Ofisi yenye akina Giorgos wanne hula vizuri siku hiyo.

Uwingi wa jina hauelezwi na utakatifu peke yake. Unatokana zaidi na kanuni ya kurithisha majina, ambayo kimsingi ni ileile ya Wakikuyu: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili mara nyingi kwa jina la babu mzaa mama. Babu mmoja mwenye wana wanne huishia kuwa na wajukuu wanne wa jina moja katika ukoo, wakitofautishwa kwa jina la baba au la utani. Jina likishaingia kwenye mzunguko huo, ni vigumu kutoka.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa familia ya Papandreou. Georgios Papandreou, aliyezaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Kalentzi huko Peloponnesos, alikuwa mwana wa padri wa Kiorthodoksi aliyeitwa Andreas Stavropoulos. Jina la ukoo alilolitumia, Papandreou, maana yake ni “wa padri Andreas”. Akawa waziri mkuu. Mwanawe alimpa jina la babu, Andreas, naye akawa waziri mkuu. Andreas akampa mwanawe jina la babu, Georgios, naye akaushika uwaziri mkuu mwaka 2009 hadi 2011, nchi ikiwa katikati ya mgogoro wa madeni. Katika vizazi vinne majina yalikuwa mawili tu, yakipokezana.

Sarufi ya Kigiriki hulibadilisha jina kulingana na kazi yake katika sentensi, na mgeni asiyejua hilo hudhani anasikia majina tofauti. Anayetajwa ni Giorgos, anayeitwa kwa sauti ni Giorgo, bila s, na kumwita mtu “Giorgos!” usoni ni kosa linalomfichua mgeni papo hapo. Kwenye kitambulisho, mahakamani na kanisani anaandikwa Georgios. Mama yake anaweza kumwita Giorgakis, yaani Giorgos mdogo, hata akiwa na mvi, na vijijini utasikia Giorgis. Mwanamke ni Georgia, na kwa mkato Gogo, jina ambalo msomaji wa Dodoma ataliangalia mara mbili.

Majina ya ukoo yaliyozaliwa hapo ni mengi, na viishio vyake humwambia Mgiriki mwenyeji asili ya mtu kabla hajauliza. Georgopoulos hunusa Peloponnesos. Georgakis huelekeza Krete, Georgiadis kwa watu waliotoka Ponto na Asia Ndogo, Georgatos kisiwa cha Kefalonia. Georgiou limejaa Kupro. Papageorgiou alikuwa na babu padri. Hatzigeorgiou ni jina ambalo Mswahili anaweza kulifungua mwenyewe bila kamusi: hatzi ni haji, neno la Kiarabu lililopitia Kituruki. Wakristo wa enzi za Osmani walilitumia kwa mtu aliyehiji Yerusalemu na kubatizwa katika mto Yordani, na wajukuu wake wakalibeba kama cheo cha ukoo.

Jina lilivuka mipaka ya Kigiriki mapema. Katika Kiarabu lilikuwa Jirjis, na Wakristo wa Misri, kwa matamshi yao, husema Girgis. Kituo cha treni ya chini ya ardhi katika mtaa wa kale wa Cairo kinaitwa Mar Girgis kwa sababu ya kanisa lililo jirani. Jurji Zaydan, mzaliwa wa Beirut aliyeanzisha jarida la Al-Hilal mjini Cairo mwaka 1892, ni Georgios mwingine. Waislamu nao hawakuwa mbali na habari hii. Mwanahistoria At-Tabari alikisimulia kirefu kisa cha Jirjis, mja mwema aliyeuawa na kufufuliwa mara kadhaa huko Mosul, na mji huo ulikuwa na msikiti wa Nabii Jirjis hadi ulipolipuliwa mwaka 2014. Palestina, Waislamu humhusisha Georgios na Khidhri (Al-Khidr), mtu mtakatifu wa mapokeo yao, ambaye jina lake lina maana ya kijani. Huko Lod, kanisa lenye kaburi la Georgios na msikiti wa Al-Khidr vimeshikana ukuta. Kwenye kisiwa cha Büyükada karibu na Istanbul, kila tarehe 23 Aprili maelfu ya watu, wengi wao Waislamu, hupanda kilima hadi monasteri ya Aya Yorgi. Wengine hufunga uzi chini ya kilima na kuukunjua kutoka kwenye kibonge wakipanda kimyakimya, kwa imani kwamba ukifika juu bila kukatika ombi lao litajibiwa.

Afrika, hakuna mahali ambapo Georgios amekaa kwa kina kama Ethiopia. Giyorgis ni jina la watu, la makanisa na la siku: tarehe 23 ya kila mwezi wa kalenda yao ni yake. Bete Giyorgis, kanisa la Lalibela, imechongwa kutoka juu kwenda chini ndani ya mwamba mmoja, kimo chake mita 12 hivi, paa lake lenye umbo la msalaba likiwa sawa na ardhi inayoizunguka. Siku jeshi la Mfalme Menelik lilipoishinda Italia katika vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, kwa Waethiopia ilikuwa 23 Yekatit, siku ya Giyorgis, na tabot yake, yaani kibao kitakatifu cha kanisa, ilikuwa imebebwa mpaka uwanja wa vita. Haile Selassie alivikwa taji mwaka 1930 katika kanisa kuu la Mtakatifu Giyorgis mjini Addis Ababa. Mashabiki wa soka wa Dar es Salaam na Nairobi wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine: klabu ya Saint George ya Addis Ababa, iliyoanzishwa mwaka 1935, imekuwa mgeni wa mara kwa mara kwenye mashindano ya ukanda huu.

Ulaya ililikata jina kila taifa kwa ulimi wake. Wahispania wana Jorge, Wakatalani Jordi, Wapolandi Jerzy, Wacheki Jiří, Wahangari György, Wajerumani Jörg na Jürgen. Warusi wanalo mara tatu: Georgy, Yegor na Yuri. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu mwaka 1961, alikuwa Georgios kwa jina, na kwa kuzaliwa alikuwa mtoto wa shamba la pamoja la kijijini. Nchi ya Georgia iliyo kando ya Bahari Nyeusi, licha ya kumheshimu mno mtakatifu huyo, haikupata jina kwake. Wenyewe huiita Sakartvelo, na jina la kigeni linaelekea kutoka kwa Waajemi waliowaita watu hao Gurj. Jimbo la Georgia la Marekani ni habari nyingine: limepewa jina la Mfalme George wa Pili wa Uingereza, kwa hati ya mwaka 1732.

Waingereza walimpenda Georgios askari kuliko Georgios mkulima. Mfalme Edward wa Tatu alimfanya msimamizi wa chama chake cha mashujaa wa Garter katika karne ya 14, na msalaba wake mwekundu ukawa bendera ya England. Hata hivyo hakuna mfalme wa England aliyeitwa George hadi mwaka 1714, ukoo wa Hanover ulipoletwa kutoka Ujerumani. Wa tatu wao, aliyetawala kuanzia 1760 hadi 1820, alipenda mashamba yake ya Windsor na Kew kiasi kwamba watu walimbatiza jina la dhihaka, George Mkulima. Waliokuwa wakimcheka hawakuwa mbali na Kigiriki sanifu. Baadaye George likawa jina la kazi kwa wafalme wenye majina mengine. Mwanamfalme wa Denmark ambaye ndugu zake walimwita Vilhelm alipewa ufalme wa Ugiriki mwaka 1863, akajiita Georgios wa Kwanza, jina ambalo raia wake wapya wangelitamka bila taabu. Alitawala karibu miaka 50 hadi alipouawa kwa risasi huko Thessaloniki mwaka 1913. Huko Uingereza, mwanamfalme Albert alipopokea ufalme mwaka 1936 baada ya kaka yake kujiuzulu, alichagua kuwa George wa Sita.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikutana na jina hili kwa sura ya Kireno kwanza. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga karibu na Kisiwa cha Msumbiji, kisiwa kidogo kilicho jirani kikaitwa São Jorge. Karne nne baadaye likaja tena na wamisionari na utawala wa Waingereza, na safari hii likabaki. Ziwa dogo la magharibi mwa Uganda, linalopitiwa na mstari wa Ikweta na kuungana na Ziwa Edward kwa mfereji wa Kazinga, lilipewa jina la mwanamfalme George aliyekuja kuwa George wa Tano. Hospitali kubwa ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1901, iliitwa King George VI tangu 1952, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Kenyatta. Jina la hospitali lilibadilishwa. La ziwa halikuguswa, na kwenye ramani za Uganda bado linaandikwa Lake George.